Pembe Irudi Ilikookotwa

Mimi kukaa sijui. Nikikaa, goti linacheza. Nikisimama, nataka kujua nje kuna nini. Mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba wangu, ninaoishi nao hapa Gaithersburg, Marekani, husema joto lote la nyumba linatokea kwenye mlango ninaoufungua na kuufunga bila sababu. Basi mchukue binti kama huyo, mpe winta na baridi yake, mpe siku ya mapumziko, halafu mweke ndani na mtu ambaye ameamua hatoki tena. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule.

Aliyeamua hatoki ni mjomba. Winta iliyotangulia alikwenda asubuhi kuondoa theluji nyuma ya gari, koleo mkononi, moyo ukamshika pale pale. Jirani ndiye aliyemwona. Hospitali wakamwekea kibomba kidogo kwenye mshipa, wakamrudisha nyumbani na maagizo ambayo hata mtoto angeyakariri: vidonge, chumvi kidogo, na kutembea kila siku, nje, polepole, mpaka moyo uzoee kazi tena. Vidonge alimeza. Chumvi aliiacha kwa manung'uniko. Kutembea ndiko kulikomshinda.

Huyu ni mtu aliyeendesha teksi mjini miaka nenda miaka rudi, akaijua Washington kuliko wenyewe, na sasa safari yake ndefu ilikuwa kutoka kiti cha dirishani hadi chooni. Akirudi ananiambia, "Haya, leo nimeshatembea." Ukimwambia tutoke, hakatai hata siku moja. Anasema inshallah. Machipuo alisema inshallah, mvua zikiisha. Kiangazi, inshallah, jua likipoa. Majani yalipoanguka akasema inshallah, lakini yanateleza. Winta ilipoingia hakuhitaji tena sababu, baridi ilimsemea.

Mimi nilikuwa nikicheka. Nilidhani ni uvivu wa mtu aliyechoka kazi, na kwamba siku moja kitamwasha kitu atoke mwenyewe. Mpaka jioni moja mkaza mjomba aliporudi kutoka Takoma Park, anakomhudumia bibi mmoja mzee na kulala huko baadhi ya siku. Alikuwa akikunja sare yake kwenye meza, kanipa mgongo. Akaniambia kwamba walikwenda kwa daktari, na daktari amesema moyo unadhoofika kwa kukaa, na akiendelea hivi yeye hawezi kuahidi chochote. Alilisema lile neno, chochote, kama mtu anayeweka chini sahani asitake ilie.

"Mtoe," akaniambia. "Sijui utamtoaje, lakini mtoe. Mimi nikisema anasikia kelele tu."

Usiku ule nilijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango. Nikapanga mambo makubwa makubwa. Nitampeleka baharini. Nitamfungulia duka la mboga ili alazimike kusimama. Nitanunua mbwa, halafu nikakumbuka kwetu mbwa haingii ndani. Asubuhi nilichokuwa nacho mkononi ni jozi ya viatu vya kutembelea nilivyomnunulia. Akavivaa, akavisifu, akakaa navyo kwenye kiti.

Pembe nilizipata kazini. Namaanisha habari zake. Nafua na kukunja mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na anayesukuma matoroli ya nguo chafu ni mzee mmoja Mkongo wa Bukavu, mtu mpole, aniita dada ingawa angeweza kunizaa. Siku moja nilimwona ana kishikio cha funguo cha rangi ya mfupa, laini, kinang'aa kwa kushikwashikwa. Nikamuuliza ni nini.

"Pembe, dada. Ya ile nyama ya huku, ile inakulaka maua ya watu." Akanieleza, maana kwao mnyama ni nyama, kwamba dume lake hutupa pembe kila mwaka mwezi kama huu. "Kama vile muti inatupaka majani. Inatupa, inaenda, haiangalie nyuma. Weye unaokota tu."

Nilimwambia ananitania. Mimi nimetoka shule kidato cha pili, lakini mbuzi nawajua. Pembe haidondoki. Akatoa simu, akanionyesha picha za zile alizoziokota kwa miaka, zimepangwa juu ya kitanda kama mavuno. Akanifundisha na namna ya kutafuta: fuata vijia vyao, tazama wanapolala, upande wa mlima unaopigwa na jua, na pale wanaporuka kijito au uzio, maana wakitua kishindo kinaitikisa ile iliyolegea. Tena usichelewe, kwa sababu kindi na panya huzitafuna mpaka zikaisha.

Unajua mtu akiniambia kuna kitu kimelala chini ya majani, bure, hakina mwenyewe, halafu mimi nina siku ya mapumziko? Nilikuwa sishikiki.

Nyuma ya nyumba zetu, hizi nyumba zilizoungana kama meno, kuna kipande cha majani, halafu uzio ulioanguka, halafu msitu unaoteremka hadi kwenye kijito. Ukisimama ndani yake bado unasikia barabara kuu inavuma, haikatiki usiku wala mchana. Wanyama wenyewe walikuwa wakipita dirishani kwetu kila magharibi. Watu wa hapa tuliotoka mbalimbali tunawaita vyovyote, wengine swala, wengine paa. Mimi niliwapa jina la kulungu likakaa. Mjomba aliwaita mbuzi wasio na mwenyewe. Akiwa kitini kwake aliwahesabia tabia: yule mroho, yule mwoga, yule mama yao. Alizaliwa Handeni, baba yake akinunua na kuuza mbuzi, na hilo halikumtoka pamoja na teksi zote.

Nilianza kwenda peke yangu. Nikavaa fulana ya rangi ya machungwa juu ya koti, mtu asije akanidhania mnyama, na ushungi wangu wa sufu. Siku ya kwanza niliona pembe kila mahali. Kila tawi kavu lilikuwa pembe. Niliinama, nikanyoosha mkono, tawi, nikainama, tawi. Vidole viliuma, pua ikavuja, na bado moyo ulikuwa unanirukaruka, ngoja nitazame na pale, ngoja na pale, mpaka giza likanifukuza. Siku ya pili vile vile. Nilikuwa natembea huku najenga: nitapata nyingi, nitatengeneza vifungo, nitatengeneza vishikio vya milango, nitajenga nyumba Tanga, kila mlango una pembe ya Marekani. Nikajikuta nimesimama katikati ya msitu nachagua rangi ya mapazia.

Sikupata kitu. Nikirudi nilimsimulia mjomba kwamba nilikwenda kunyoosha miguu. Pembe sikuzitaja, nilitaka kumshtua nayo mkononi. Na kila nilipofungua mlango kutoka nilimtazama, na yeye alitazama mlango, halafu alitazama sakafu. Hapo sikuwa naelewa nini kilikuwa kwenye ule mtazamo.

Niliipata siku ambayo nilikuwa nimeshakata tamaa na nikaingia kichaka cha miiba kwa haja nyingine kabisa. Ilikuwa imelala chali, matawi yake manne juu, rangi ya chai ya maziwa. Nikaigusa. Baridi, nzito kuliko ilivyoonekana, na pale chini ilipokuwa imeshikana na kichwa palikuwa na kikwaruzo kikavu kama tumbawe lililotupwa na maji ufukweni. Nilicheka peke yangu, nikaikumbatia, ikanichoma tumboni, nikaona ni haki yake.

Nikaingia nayo nyumbani, nikaiweka juu ya meza ya jikoni mbele ya mjomba.

Jambo la kwanza, aliinuka. Mjomba, ambaye rimoti ikiwa upande wa pili wa meza huita mtu, aliinuka kwenye kiti bila kushika mkono wa kiti, akaenda kwenye dirisha akavuta pazia. Akaja kwenye dirisha la pili akavuta pazia. Halafu akauliza kwa sauti ya chini nani ameniona.

Nikamwambia hakuna, labda mama mwenye mbwa.

"Umeleta nyara ndani ya nyumba yangu," akasema.

Aliyekulia Tanzania hahitaji maelezo ya neno hilo, lakini nitalieleza. Kwetu kila kitu cha mnyama wa porini, ngozi, jino, ukucha, pembe, ni cha serikali. Ndiyo nyara za serikali. Ukikutwa nacho ndani huna kibali, ni jela, na hawaulizi kama uliua au uliokota. Mjomba alinieleza, huku ameshaifunika pembe yangu kwa taulo la vyombo, kuhusu jirani yao Handeni aliyekuwa na pembe za mnyama ukutani, kazirithi kwa babu yake, anatundikia kofia. Askari wa wanyamapori walipita tu, wanaomba maji ya kunywa. Mtu akaondoka nao. Watoto wake wakagawanywa kwa ndugu, mmoja akalelewa kwao kina mjomba, na huyo alikuwa akikojoa kitandani mpaka akawa mkubwa.

"Huko ni kwetu," mjomba akasema. "Sasa hapa ugenini, itakuwaje?"

Nikamweleza yote ya mzee wa Bukavu. Zinaanguka zenyewe. Kila mwaka. Kama majani. Mjomba alinitazama kwa huruma kubwa, kama anayemtazama mtu aliyeuziwa saa ya bandia.

"Pembe ya mbuzi inaanguka?"

"Haianguki."

"Ya ng'ombe?"

"Haianguki, mjomba, lakini hawa..."

"Basi huyu amekufa. Kuna mzoga huko, na wewe umeupora."

Nikafungua simu nimwonyeshe video ya dume akidondosha. Akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia. Akasema siku hizi kwenye simu hata watu wanaruka bila mbawa.

Niliinua simu nimpigie mzee wa kazini amweleze mwanaume kwa mwanaume. Nikasikia mjomba anasema, "Kesho alfajiri ikishapambazuka, inarudi ilikookotwa. Pale pale." Na nikajibu haraka kwamba sawa, nitairudisha.

"Wewe?" akasema. "Wewe utaitupa nyuma ya uzio ukimbilie mambo yako. Nakujua. Tutakwenda wote."

Niliiweka simu mezani taratibu sana. Nilikwenda chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikauma mto nisipige vigelegele.

Asubuhi alivaa kama anakwenda mwezini: makoti mawili, kofia ya kushonwa kwa mkono ndani na kofia ya sufu juu yake, skafu ya mkewe, na vile viatu. Pembe ameitia kwenye mfuko wa mchele wa basmati, ameukumbatia kwapani. Mlangoni alisimama. Sijui alisimama muda gani, mimi nilishatangulia kwenye majani na nilipogeuka bado alikuwa kwenye kizingiti, mkono mmoja kwenye fremu, anatazama mahali pa kuegesha gari. Nikataka kusema kitu cha kuchekesha. Kwa mara moja katika maisha yangu sikusema. Akashuka.

Tulikutana na mama mwenye mbwa. Mjomba alimsalimia salamu ndefu ya ajabu, akauliza hali ya mbwa, hali ya nyumba, hali ya hewa, na mfuko wa mchele unachomoza tawi la pembe nyuma ya mgongo wake. Yule mama alituaga anatabasamu. Mjomba akaniambia, "Ameshuku."

Kwenye mteremko ndipo mimi nilipopata adabu. Nilikuwa nimefurahi kumtoa, nikasahau kwamba aliyetoka ni mgonjwa. Alianza kuhema. Alishika mti, akasimama, mkono mwingine kifuani juu ya makoti yake, midomo imepauka, na mimi nilikuwa nimeshatoa simu nimeandika namba ya dharura, bado kubonyeza tu. Nilijiona nimemuua. Nilijiona namweleza mkaza mjomba. Barabara inavuma kule juu, watu wanakwenda kazini, na sisi tupo chini ya miti na mfuko wa mchele.

"Usinitazame hivyo," akasema, pumzi mbilimbili. "Kama unanipimia sanda."

"Turudi, mjomba."

"Na hii?" Akagusa mfuko kwapani. Akangoja. Rangi ikamrudia kidogo kidogo. Akaenda mti mwingine, akangoja. Tulishuka hivyo, kutoka mti hadi mti, kama watu wanaovuka mto kwa mawe.

Kwenye kichaka cha miiba hakukubali kuiweka tu. Akaanza kuutafuta mzoga. Alinusa upepo. Alifunua majani kwa ncha ya kiatu, akauliza damu iko wapi, manyoya yako wapi, mbona kunguru hawapo. Alizunguka kichaka, akazunguka mduara mkubwa zaidi, mimi nyuma yake namwambia pole pole mjomba, yeye hanisikii. Alikuta mahali walipolala, majani yamelazwa ya duara, akachutama akaweka kiganja. Sijamwona kuchutama toka hospitali.

Halafu akanishika mkono nisitikisike.

Walikuwa ng'ambo ya kijito, majike na dume mmoja, rangi moja na miti, ningewapita mara mia. Dume aliinua kichwa. Upande mmoja alikuwa na pembe. Upande wa pili hakuwa na kitu, doa jekundu tu, na kichwa amekiinamisha kidogo kule kwenye uzito, kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Alikuwa anatafuna. Hakuwa na habari na sisi wala na nyara yake.

Walipoondoka, mjomba bado aliendelea kutazama pale walipokuwa.

"Mzima," akasema. "Kavua upande mmoja anatembea zake."

Nilitegemea aniombe radhi au anipe pembe yangu. Aliitoa kwenye mfuko, akaiegemeza kwenye mti, matawi juu. Nikamkumbusha kwamba sasa ameona mwenyewe hakuna aliyeuawa. Akasema kuona ameona, lakini je, tumeuliza msitu ni wa nani? Na tulipopanda, mti hadi mti, tukamkuta tena mama mwenye mbwa, mjomba akamuuliza wazi. Yule mama akasema kipande cha huku ni cha majumba yetu, haoni ubaya, lakini ukishavuka kijito ni hifadhi ya wilaya, na huko hata jiwe huruhusiwi kuondoka nalo.

Mjomba alinigeukia. Alikuwa amechoka hoi, jasho kipajini kwenye baridi ile, na uso wake wote unang'aa.

"Si nilikwambia?"

Tangu hapo yakawa yake. Nilidhani ni ya siku moja. Kesho yake baada ya adhuhuri akaniuliza kwa mbali, kama haimhusu, kama yule dume atakuwa ameshaivua na ya pili. Nikamwambia twende tukaone. Hakusema inshallah. Alikuwa anatafuta skafu.

Tukawa na utaratibu wake, maana mjomba hawezi kufanya jambo bila kulitungia sheria. Tunatafuta, tukiona tunaishika, tunaitazama vizuri, tunaiegemeza kwenye mti wa karibu, tunaondoka. Hata upande wetu ambao tumeruhusiwa. Mzee wa Bukavu nilipomweleza alishika kichwa. "Munatafuta kusudi muache? Dada, hiyo ni kazi gani?" Binamu yangu, kitinda mimba wao anayesoma chuo Annandale na kuja kwetu Jumapili, akasikiliza habari nzima kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza kwamba baba yake amerukwa na akili na asiachiwe mchezo huu. Mkaza mjomba akashika upawa. Alinipakulia pilau sahani ya pili nisiyoomba.

Lakini usidhani roho yangu ilitulia. Ilizidi. Awali nilikuwa nahangaika kwamba hatoki. Sasa nahangaika kwamba ametoka. Nikiwa kazini nakunja mashuka nilimwona ameanguka kila pembe ya msitu. Nilimpigia simu, asipopokea mara ya kwanza napiga tena na tena. Nilimwahidisha asiende bila mimi, akaahidi, tena akainua kidole.

Siku aliyokwenda bila mimi, theluji ya jana yake ilikuwa inayeyuka. Nilitoka kazini mapema, nikakuta nyumba kimya na simu yake inachajiwa jikoni. Nilikimbia na sare, bila koti. Nyayo zake zilikuwa wazi kwenye theluji, nikazifuata kwenye kile kichaka, zikapita. Zikafika kijitoni kwenye mawe, zikavuka. Hatujawahi kuvuka. Nilikuwa naita mjomba, mjomba, na sauti yangu inarudi na mvumo wa magari, na kila palipokuwa na kitu cheusi chini moyo uliruka, kisiki, jiwe, kisiki. Nilikuwa naomba huku nakimbia, sikumbuki maneno.

Alikuwa amekaa juu ya gogo, mbali sana, mikono magotini. Amepauka. Nilipiga magoti kwenye theluji mbele yake, nikamshika uso, nikamuuliza kifua, mkono wa kushoto, taya, yote niliyofundishwa. Akatikisa kichwa kwa kila moja.

"Nimechoka tu. Nilifuata nyayo zao, nikasahau kuna kurudi."

Nikaanza kulia. Nikamgombeza huku nalia, nikamwambia ameniahidi, nikamwambia angekufa huku peke yake. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu ndipo aliponiambia.

"Siku ile ya theluji sikupoteza fahamu, mwanangu. Nyinyi mlidhani nilizimia. Nilikuwa nimelala nyuma ya gari naona kila kitu. Nasikia magari kule juu. Nikataka kuinua kidole nitoe shahada, kidole hakiinuki. Nikasema kumbe ni hapa. Kwenye tope la theluji, na mtu wa kunishika kidole hakuna." Akavuta pumzi. "Tangu hapo kila mkifungua mlango naiona ile theluji tu."

Mwaka mzima nilikuwa namcheka kwa inshallah zake.

"Leo nimekaa hapa," akasema, "moyo unagonga, nipo peke yangu, theluji hii hapa. Nikajijaribu." Akaunyoosha mkono, akainua kidole cha shahada mbele ya uso wangu. Kilikuwa kinatetemeka kwa baridi, lakini kimesimama. "Kimeinuka. Basi nikasema ngoja nipumzike nirudi."

Nilimwambia niite msaada, waje wambebe. Akasema tungoje kidogo. Tukangoja. Alivua koti lake la juu akanivika mimi, nikakataa, akaniambia ninyamaze. Miti ilikuwa inadondosha maji, kila mahali mdundo mdundo, hujui utazame wapi. Kisha akaniwekea mkono begani, mzito, akainuka kabla sijajiandaa, na tukaanza kurudi, yeye anachagua miti ya kushika.

Hatujafika hata kijitoni simu yangu ikalia. Mkaza mjomba, amerudi kutoka Takoma Park, amekuta nyumba tupu na simu ya mumewe jikoni, sauti haikuwa yake. Alikuwa anauliza yuko wapi, yuko wapi, hangoji jibu. Nikamtazama mjomba. Alikuwa ameegemea mti, anahema, ananyoosha shingo kutazama kitu upande ambao hatujapita.

"Mwambie nipo nje," akasema.